Bendera Iliyosimama Ndani ya Kinu

Kitambaa kirefu kikipigwa na upepo hakitoi sauti ya nguo iliyoanikwa. Nguo ya kambani hupiga makofi tu. Kitambaa kilichoshikwa na mlingoti upande mmoja hukoroma kwanza, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno kanisani, halafu hupasua hewa mara moja, pwaa, kisha hurudia kukoroma. Mwezi uliopita nilikuwa natoka sokoni Tukuyu na kikapu cha magimbi kichwani nikaisikia sauti hiyo mbele ya duka la simu. Walikuwa wamesimamisha bendera mbili nyembamba, ndefu kupita bati la duka, kwenye vijiti vya plastiki vilivyopinda kama mkia wa jogoo. Nikatua kikapu. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, unasajili laini?" Nikamjibu kwamba nasikiliza. Akanitazama kwa huruma, akarudi ndani.

Kwa kuwa yeye hakutaka kujua nilichokuwa nasikiliza, nitawaambia ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikisoma darasa la nne, na tulikaa Lufingo, kwenye mteremko ambao migomba yake huonekana kama imeshikana mikono isiteleze. Ilikuwa miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Kabla yake nakumbuka utoto usio na sabuni. Mama alichoma maganda ya ndizi, akayachuja majivu yake kwa maji, na maji hayo ya rangi ya chai ndiyo yaliyofua sare yangu ya shule na kunichubua vidole. Kisha, kama mtu aliyezibua mfereji, maduka yakajaa. Yakaja mitumba, betri, soda, sabuni za miche na sabuni za kuogea zenye karatasi za rangi. Sisi watoto tuliingia dukani si kununua bali kunusa. Tulisimama karibu na maboksi ya sabuni tukivuta pumzi hadi mwenye duka akatuuliza kama tumelipia harufu.

Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika wetu. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati ambalo sikuruhusiwa kuligusa, wala sikutaka. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha marekani, cheupe kilichoanza kugeuka rangi ya maziwa. Kilikuwa cha sanda. Katika miaka ya uhaba alifariki mama mmoja wa kwaya, na kitambaa cha kumzikia hakikupatikana Tukuyu nzima. Akazikwa na pazia la dirisha, lenye maua. Akina mama waliporudi makaburini walikubaliana kwamba jambo hilo halitarudiwa. Kila aliyepata kipande kwenye foleni ya duka la ushirika alikileta kwa Mama. Sanduku lilijaa, likapungua kwa misiba, likajaa tena.

Bidhaa ziliporudi madukani, kitambaa kilibaki. Mama Subira, fundi cherehani wetu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, ndiye aliyesema kikaoni, "Sanda sasa zinauzwa kila duka. Hizi zetu, waliokusudiwa kuvalishwa ni sisi, na sisi bado tunakula ndizi. Tuzifanyeje?" Wakaamua kushona bendera ya shukrani. Upana wake ulikuwa kama wa mlango, na urefu wake kama wanawake watatu waliopandana mabegani. Ilikuwa na neno moja, herufi zimepangwa kushuka chini moja baada ya nyingine, zimekatwa kwenye kanga nyekundu zilizochakaa: TUMEFIKA.

Nawaambia kweli, sikuipenda. Usiku nilipoiona imekunjwa kwenye kiti nilijifunika uso. Na mchana, nilipokwisha kuacha kuiogopa, niliionea aibu. Nilitaka kitu cha rangi, kilichotoka dukani, chenye harufu ya karatasi mpya.

Mkutano wa akina mama wa sharika zote ulipangwa kufanyika mwezi wa tisa kwenye uwanja wa shule mjini Tukuyu, na kila usharika ulitakiwa kuja na bendera yake. Wiki tatu kabla ya mkutano, alasiri moja, alikuja nyumbani Mzee Ambakisye, kiongozi wa wazee wa kanisa wa usharika wetu, mtu mrefu mwenye koti ambalo hakulivua hata wakati wa kupalilia. Alifuatana na Bwana Lusekelo, mfanyabiashara kijana aliyekuwa wakala wa sabuni mpya.

"Mama Tumpe, Bwana ametufungulia mlango," alisema Mzee Ambakisye alipokwisha kukaa. Tumpe ni mimi. "Huyu ndugu anatoa mabomba ya chuma kwa sharika zote. Yamesimikwa kwa saruji kwenye ringi za magari. Hakuna kuchimba, hakuna kuhangaika. Mnafika, mnapandisha."

"Ndaga fijo," Mama akashukuru. "Na yeye anaomba nini?"

"Kidogo sana, mama," akasema Bwana Lusekelo. "Kwenye kila bomba, juu inakaa bendera yetu ya sabuni, ya njano. Yenu inafuata chini yake. Na watoto watakaosimama karibu na mabomba tunawavika fulana."

Moyo wangu uliruka kama chura. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba mdogo wangu mgongoni, nikaona tayari nimevaa fulana ya njano, naingia nayo darasani Jumatatu.

Mama aliwamiminia wageni chai bila haraka. "Yetu haiwezi kukaa chini ya sabuni," akasema.

"Kwa nini, mama? Sabuni ni usafi, na usafi ni wa Mungu."

"Kweli. Nami naipenda sabuni yako, kipande chake kiko pale nje kwenye jiwe la kufulia. Lakini kitambaa hiki ni sanda zetu, baba. Ipeni bomba lake peke yake, au tutakuja na mti wetu."

Mzee Ambakisye akatua kikombe. "Uwanja hauchimbwi. Shule imekataza. Mti wako utausimamisha hewani?"

"Nitatafuta namna."

"Basi nisikilize vizuri. Wazee wameshakubali. Usharika mmoja ukijitenga, aibu ni yangu mbele ya wenzangu wote. Ukifika pale uwanjani na mti wako, ujue kiti cha mwenyekiti umekiacha nyumbani."

Mama akamwongezea sukari. Alijua Mzee anapenda sukari na kwamba nyumbani kwake alikatazwa. Walikunywa wakamaliza, wakaomba, wakaondoka. Nilipofungua kinywa kusema habari ya fulana, Mama alisema, "Nimesikia na mimi, Tumpe. Lete jembe."

Hapo ndipo akina mama wa Lufingo walipofanya kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa migomba peke yao. Kwetu, mwanamke hujua miti ya kuegemeza kabla hajajua kusuka nywele. Mkungu ukikomaa mgomba huinama, nawe huuwekea mti mnene, mzito, wenye panda juu; mkungu ukizidi kulemea, ndivyo mti unavyozidi kujikita. Basi walipotaka mlingoti walikwenda kuchagua walichokijua. Walileta mkaratusi mnene kama paja, wenye panda nzuri ajabu, wakafunga bendera kwenye panda na kuusimamisha uani kwetu. Wanawake sita waliutia shimoni wakiimba. Ulisimama vizuri hadi saa kumi, upepo wa mlimani uliposhuka. Kitambaa kikajaa tumbo, mti ukalala taratibu kama mlevi, ukaangukia choo. Baba alikuwa ndani. Alitoka ameshika mkanda wa suruali, akauliza kwa upole kama mkutano umeahirishwa.

Siku ya pili walileta mti mnene zaidi. Ulianguka vilevile, ila ulihitaji wanawake wanane kuunyanyua. Mama Subira alikaa juu yake akajipepea. "Tumetafuta mti wa kumbeba Goliathi," akasema, "na huu mzigo ni shuka."

Mama hakucheka. Aliishika bendera kwa mikono miwili, akapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, akaiacha ipepee. Nilimwona anavutwa mbele hatua moja, hatua mbili, kama mtu anayeburutwa na ndama. Alisimama pale muda mrefu. Aliposhuka alisema, "Mkungu unasukuma chini. Hiki kinavuta pembeni. Muda wote huu tumekuwa tunachagua mti kwa ajili ya ndizi."

"Sasa ni mti gani?" akauliza Mama Subira.

"Mti usioshindana nacho."

Mianzi mizuri ya kijiji chetu ilikuwa ya Mzee Gwakisa, chini bondeni kando ya mto. Na Mzee Gwakisa, wapendwa, alikuwa ametengwa na kanisa. Alikuwa ameoa mke wa pili, na ua wake ulijulikana kwa kimpumu, pombe ya chungu inayonyonywa kwa mirija. Mwenyekiti wa akina mama hakupaswa kuonekana hata kwenye njia ya kwake. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukashuka mchana kweupe, tukisalimia kila tuliyepishana naye.

Mzee Gwakisa alikuwa anasuka kitanga cha kuanikia mahindi. Hakuinuka. "Leo ni nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, baba. Nimekuja kuomba mwanzi mmoja mrefu. Wa bendera ya akina mama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kanisa limenifukuza mimi, mianzi yangu halijaifukuza?"

"Mianzi yako haijaoa mara mbili," akasema Mama.

Nilidhani atatupa panga. Lakini alijipiga goti, akamwita mkewe mdogo aje asikie, Mama akarudia, wote wakacheka. Kisha akasimama na kutupeleka mtoni. Mama akaonyesha mwanzi mmoja mnene, wa kijani kibichi, ulionyooka kama mstari wa daftari.

"Unachagua kwa macho," Mzee akamwambia. "Huu ni mtoto. Una unga mweupe kwenye ngozi, unaona? Umejaa maji kama wewe ulivyojaa maneno. Ukiubeba mpaka Tukuyu utaulaani. Mwanzi hukatwa kiangazi, ukiwa umekomaa, umeshapata madoa. Halafu unalala juu ya moshi miezi, bungua wasipate pa kuingia. Njooni."

Kwenye dari ya jiko lake kulikuwa na mianzi mitatu imelazwa, imepakwa moshi ikawa ya rangi ya asali iliyoungua. Aliitoa yote nje. Yeye alisifia mnene. Mama akaomba yote mitatu ibaki pale kwanza, akanituma nipande kumwita Bibi Sekela, aliyekuwa mkongwe kuliko akina mama wote wa usharika, mwanamke mdogo aliyekauka kama kuni. Bibi alipofika, Mama alimpa kila mwanzi aushike wima, akahesabu. Mnene ulimtetemesha mikono. Wa pili ulimfanya ahame mguu. Wa tatu, mwembamba kuliko yote, aliushika huku anatuuliza kama tumekula.

"Ni huu," akasema Mama.

"Huo utapinda," Mzee Gwakisa akaonya.

"Na upinde."

Akatufundisha yaliyobaki bila kuombwa, maana mtu aliyenyimwa mahali pa kusema huwa na mengi ya kusema. Ncha nyembamba ikae juu, shina chini. Vifundo vya mwanzi vikwanguliwe kwa kisu na kusuguliwa kwa chupa iliyovunjika, visije vikashika kitambaa. Bendera isifungwe kwa vitanzi, kwa sababu kila kitanzi ni mahali pa kuraruka. Ishonwe upindo mpana upande mmoja, mwanzi upite ndani kama mkono ndani ya shati. Juu, kijiti kifupi cha kuutandaza upana. Kona ya chini ya nje iachwe huru, upepo upate mlango wa kutokea. Na kamba nne, zifungwe chini ya ncha kabisa, pale ambapo mwanzi ukigawanywa mara tatu, sehemu mbili ziko chini na moja juu. "Mkizifunga nchani mtauvunja shingo," alisema. "Ukiinama msiogope. Ukikataa kuinama ndipo muogope."

Mama alishukuru. Alimwomba aje mkutanoni. Mzee akatazama kitanga chake. "Mwambie Ambakisye anialike," akasema, na hakucheka tena.

Lilibaki suala la shina. Uwanja hauchimbwi, na ringi za saruji zilikuwa za sabuni. Bibi Sekela ndiye aliyelimaliza, akiwa anatafuna gimbi. "Kinu changu kimepigwa na mchi tangu nikiwa mwali," akasema, "hakijalalamika. Mwanzi utakifanya nini?" Wakaleta kinu, wakausimika mwanzi ndani, wakaubana kwa magunzi ya mahindi pande zote. Ulikaa. Mwanamke mmoja alikumbatia shina, wanne wakashika kamba, na bendera ikapanda juu ya migomba yetu ikakoroma. Kamba tatu zilikuwa za akina mama. Ya nne aliileta Baba. Aliifungua shingoni mwa ng'ombe wetu, akaiweka mlangoni, akaenda zamu yake kiwanda cha chai bila neno. Ng'ombe akawa mzigo wangu wiki nzima, nikimfuata kila alikotaka kwenda.

Siku ya mkutano tuliondoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito hata wanaotangulia hatukuwaona, tuliwasikia tu wakiimba. Wawili walibeba mwanzi mabegani, Mama Subira akajitwisha kinu kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, akisema kwamba hatimaye Mungu amemwonyesha kwa nini alimpa shingo ile.

Ukungu ulipopanda, tulikuwa tunaingia uwanjani. Sitasahau. Mabomba yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, yamepakwa rangi ya fedha, na juu ya kila moja bendera ya njano iking'aa kama ua la alizeti. Chini ya njano zilining'inia bendera za sharika, za msalaba, za njiwa, za kondoo. Spika ilikuwa inapiga muziki wa sabuni. Mahali petu palikuwa na bomba letu, tayari, na Bwana Lusekelo amesimama hapo anatabasamu.

Mama akampa mkono, akamsalimia, akapita. Akamtua Mama Subira kinu nyuma kidogo ya mstari, kwenye nyasi. "Hapa," akasema.

Bendera ilipopanda, upepo ulikuwa umeshaamka. Mwanzi ukainama. Uliinama sana, ukawa upinde mtupu, na uwanja mzima ukacheka. Kijana mmoja wa spika akapiga kelele, "Akina mama wa Lufingo, mnavua nini hapo? Ziwa liko Masoko, mmepotea njia!"

Mama Subira, akiwa amejilaza nyuma na kamba yake, akamjibu, "Tumeagizwa kuvua watu! Lete shingo!"

Walicheka tena, ila safari hii walicheka upande wetu.

Mzee Ambakisye hakucheka. Alikuja ameshika Biblia kwa mikono miwili. "Mama Tumpe, laza hicho kitu."

"Mzee, hakijachoka."

"Nakuambia kama kiongozi wako. Ibada inaanza. Wanawake hawawezi kushikilia kamba kama wachunga ng'ombe wakati neno linahubiriwa. Bomba lile pale. Laza."

"Tutasikia neno tukiwa tumesimama, baba. Si mara ya kwanza. Kwenye foleni ya kitambaa hiki tulisimama muda mrefu kuliko mahubiri yoyote."

Wakatazamana. Mkono wa Mama haukutoka kwenye mwanzi. Mzee aligeuka akaenda kukaa mbele, na shingo yake ilikuwa imesimama kama bomba.

Ningependa kuwaambia kwamba kimbunga kilishuka kutoka mlimani kikayang'oa mabomba yote, ukabaki mwanzi. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi. Mabomba hayakutikisika. Yalisimama vizuri kuliko mwanzi wetu, na watu wake walikaa chini kwenye mikeka, wakanyonyesha, wakasinzia, wakala mihogo. Sisi tulisimama. Akina mama wetu walipokezana kila wimbo ulipoimbwa: wa kamba kwenda shinani, wa shinani kupumzika, waliopumzika kushika kamba. Bibi Sekela alichukua zamu yake shinani kama wengine, amefumba macho, shavu lake kwenye mwanzi, na mwanzi ukamvumilia. Mvua nyembamba ilipita ikatulowesha. Hakuna aliyeongoza, hakuna aliyeitwa. Mikono ilikuwa inajua.

Zamu yangu ilikuja mahubiri yalipokuwa yanakwisha. Mama alinipa kamba ya ng'ombe, akanizungushia mara moja kiganjani. Na wakati huohuo, vijana wa Bwana Lusekelo wakaanza kurusha fulana.

Zilipaa kama ndege wa njano. Watoto wote wakakimbia. Moja ilikuja kwangu, ikizunguka, imefunguka mikono, na mimi, Tumpe binti wa mwenyekiti, nikaachia kamba.

Niliidaka. Nikasikia Mama Subira akipiga ukelele, nikageuka nikaona bendera inayumba upande mzima, inashuka, kona yake huru inanasa kwenye waya wa spika. Ikararuka, krrr, urefu wa mkono. Wanawake wawili waliruka wakakamata kamba yangu. Mwanzi ukainuka tena. Spika nayo ilikuwa imekatika.

Nilisimama na fulana yangu nikingoja kupigwa. Mama alinijia akiwa na maji ya mvua usoni. Akaitazama fulana, akakishika kitambaa chake kama mtu anayepima ubora.

"Umeipata? Haya, ivae, umelowa," akasema. "Halafu shika kamba."

Nikaivaa. Nikashika kamba hadi baraka ya mwisho, na hakuna mtu aliyenitazama, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko fimbo.

Jumapili mbili baadaye Mama aliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Baba alikuwa zamu, kwa hiyo nilifuatana naye nimembeba mdogo wangu, nikakaa kwenye benchi la mlangoni. Wazee tisa walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Chumba kilinuka mafuta ya taa na makoti mabichi. Mzee Ambakisye hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala vizuri.

"Mama, tumekujua tangu ubatizo wako. Hatutaki mengi. Jumapili ijayo usimame mbele ya usharika, useme ulikosea. Kwenda kwa Gwakisa, kujitenga na wenzako, kumjibu kiongozi. Ukisema hivyo, kiti ni chako. Usiposema, tutaandika jina lingine."

Mama akasimama. Alikuwa amevaa kitenge kilekile. "Wazee wangu," alisema, "shukrani ninazo nyingi. Mmenizikia mama yangu, mmenibatizia watoto. Toba nayo ninayo, kwa mambo mengi ambayo Mungu anayajua na mengine mnayajua ninyi. Kwa hili sina."

Mmoja wao, mzee wa pembeni aliyekuwa anaandika, akainua kalamu. "Kwa maana hiyo, mama, hata mwakani ungefanya hivyohivyo?"

Mama alifikiri kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Mkutano wa mwakani utakuwa mwezi gani?"

"Wa tisa, kama kawaida. Kwa nini?"

"Mianzi hukatwa kiangazi, na inataka moshi muda mrefu. Nisije nikachelewa."

Mzee Ambakisye akafunga daftari. Waliomba, na Mama alisema amina kwa sauti kuliko wote. Siku ile ile waliandika jina lingine, nasi tukapanda njia ya nyumbani katikati ya migomba, Mama mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimeona haya kwa ajili yake. Nilidhani hakuelewa swali. Watu wakubwa tisa walikuwa wamemuuliza jambo zito, naye akajibu habari za moshi.

"Mama," nikamwambia, "walikuuliza kama ungefanya tena."

"Nilisikia," akasema, akainama kuokota kuni.

Miaka kumi na miwili alikaa benchi la nyuma kabisa, akiwa si mwenyekiti wa kitu chochote, na kila mwezi wa saba alishuka bondeni mchana kweupe na panga. Mimi nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikarudi, na siku moja nikajikuta nami nimeketi upande ule wa meza, mzee wa kanisa, nikiwa na kalamu. Nimeona watu wengi wakiulizwa swali lile. Wengine hulia, wengine hubishana mpaka jioni, na anayebishana, nimegundua, bado anaomba ruhusa. Ndipo nilipoelewa kwamba Mama alijibu. Sisi wote chumbani mle, wazee tisa na mimi na mdogo wangu mgongoni, tulikuwa bado tunahukumu siku moja iliyopita uwanjani Tukuyu. Yeye alikuwa ameshauacha mwaka ule. Alikuwa kando ya mto, panga mkononi, anatafuta mwanzi uliokomaa.